Usukani Uliponyamaza

Pikapu ilipofika kilomita mia moja themanini na nane kwa saa, usukani ulinyamaza.

Hadi hapo ulikuwa ukizungumza na mikono ya Jerop bila kukoma. Kila mshono wa lami, kila kokoto, kila msukumo wa upepo kutoka upande wa mashamba ulimfikia viganjani. Kisha yote hayo yakakatika kwa mpigo mmoja. Injini ilikuwa bado inanguruma na mshale wa spidi ulikuwa bado unapanda, lakini kilichokuwa mikononi mwake sasa kilikuwa mduara wa plastiki usio na habari yoyote.

Pua ya gari ilikuwa imeanza kuelekea kushoto. Akazungusha usukani kulia, upana wa vidole vitatu. Pua haikujali. Ikaendelea kwenda kushoto taratibu, na kwa kasi ile hata mwendo huo wa polepole ulikuwa unakula mita nyingi. Upande huo kulikuwa na ukanda wa nyasi, halafu mtaro wa kutolea maji, halafu ngano iliyokaribia kuvunwa. Jerop aliuona mtaro vizuri sana. Aliona hata mahali ambapo ukingo wake ulikuwa umeporomoka.

Akatoa mguu kwenye mafuta kidogo.

Pua ikashuka, magurudumu ya mbele yakashika lami ghafla yakiwa bado yamekunjwa kulia, na pikapu ikaruka kulia kama ng'ombe aliyeguswa na waya wa umeme. Mkia ukachomoka. Mikono yake ikaurudisha usukani kabla yeye mwenyewe hajaamua. Ilikuwa mikono ya miaka kumi na mmoja ya kuendesha kwenye matope ya Kesses. Mkia ukayumba mara moja, mara mbili, ukatulia. Akapita kwenye mitambo ya kupimia akiwa amenyooka, kilomita mia moja sabini na moja kwa saa.

Mambo yote hayo yalichukua chini ya sekunde nne.

Aliposimama mwisho wa njia, vidole vilikataa kuachia usukani. Alivifungua kimoja kimoja. Msimamizi wa bendera alimpungia mkono mara mbili kumwambia aondoke njiani. Alipotia gia ya kurudi ndipo alipokumbuka kwamba zamu ya pili ya pikapu hii haikuwa yake. Ilikuwa ya mdogo wake.

Njia yenyewe ilikuwa uwanja mdogo wa ndege katikati ya shamba kubwa la ngano nje ya Eldoret, ambao mwenye shamba aliwaazima wapenda magari Jumamosi moja kila Septemba. Lami ilikuwa na urefu wa mita elfu moja na mia tisa. Gari lilianza kutoka kusimama, likapimwa kasi kwenye mita ya elfu moja na mia mbili, na mita mia saba zilizobaki zilikuwa za kufunga breki. Kila gari lilikuwa na zamu tatu, na kila timu iliruhusiwa kuandikisha madereva wawili. Kwenye karatasi ya namba thelathini na nne kulikuwa kumeandikwa: zamu ya kwanza, Jerop, ya pili, Kipkorir, ya tatu, timu itachagua.

Pikapu hiyo ilikuwa ya kubebea maziwa. Kwa miaka kumi na mmoja Jerop aliiendesha kila alfajiri kukusanya mitungi kutoka kwa wafugaji wa Kesses na kuipeleka kwenye kituo cha kupozea. Aliponunua nyingine, hii ya zamani aliipeleka Kimumu kwa fundi Lazarus Okeyo, mtu wa ziwani aliyehamia Eldoret akiwa kijana na hakurudi. Lazarus aliitia injini ya silinda sita yenye turbo, akaishusha, akabadilisha breki zote nne. Mafuta na hewa alivipimia papo hapo mjini, kwa kuwa katika mwinuko wa mita elfu mbili na mia moja hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya tano kuliko ya pwani, na injini iliyopimiwa kwingine huku hudanganya. Alikuwa fundi wa namna hiyo, asiyeacha jambo. Hata ufunguo aliuondoa, akaweka kitufe cha kubonyeza.

Hema lao lilikuwa la nne kutoka mwanzo wa njia. Kipkorir alikuwa ameshavaa ovaroli.

"Mia moja sabini na moja!" alimpokea dada yake. "Jerop, manze, hiyo hata probox ya kubeba miraa inakupita. Yule tajiri Lennox wa Elgon View ameweka mia mbili na tisa, tena na kiyoyozi labda kimewashwa."

"Usukani umekufa," Jerop alisema.

"Umekufa aje?"

"Kwa mia themanini na nane. Nimezungusha, gari haikusikia. Nilikuwa naenda kwa mtaro."

Lazarus alikuwa ameinama kwenye sanduku la vifaa. Aliinuka polepole.

"Haikusikia kabisa, ama ilichelewa?"

"Kabisa, fundi."

Lazarus alichukua tochi. Alilala chini ya gari, akakaa huko dakika ishirini. Alivuta kila kiungo cha usukani kwa mkono, akakisukuma kwa mtaimbo, akapima upepo wa matairi yote manne, akafunga uzi kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele kuona kama magurudumu yamenyooka. Baba yao, Mzee Kipyego, alisimama pembeni ameshika kofia yake mkononi kama mtu aliye hospitalini. Lazarus alipotoka alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope.

"Kila kitu iko sawa, nyar Kesses," alisema. Ndivyo alivyozoea kumwita, msichana wa Kesses. "Hiyo stering'i nimefunga na mikono yangu. Iko vile niliiacha."

"Basi iko sawa ikiwa imesimama."

"Sasa unataka nilale chini yake ikiwa mia themanini?"

Kipkorir alicheka. Kisha akamshika dada yake bega, na sauti yake ikawa ya upole, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

"Uliogopa, dada. Si vibaya. Wewe una watoto. Mimi sina hata kuku."

"Niliogopa baadaye," Jerop alisema. "Kwanza usukani ulikufa. Ndio nikaogopa. Usigeuze mpangilio wa mambo."

"Sawa. Lakini fundi ameangalia."

"Fundi ameangalia."

"Basi saa nane kasoro robo ni yangu."

Ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi. Jerop alienda kwa Elphas, msimamizi wa mwanzo wa njia, mwanamume mrefu mwenye kipaza sauti kinachoning'inia shingoni, akamweleza jinsi ilivyokuwa. Elphas alimsikiliza hadi mwisho. Alikuja, akatazama, akauzungusha usukani yeye mwenyewe, akamwita mkaguzi naye akautazama. Hawakuona kasoro.

"Madam, gari imepita ukaguzi mara mbili," Elphas alisema. "Wewe unaweza kukataa kuendesha, hakuna mtu atakulazimisha. Lakini dereva wa pili ni mtu mzima. Kijana, uko tayari?"

"Hata sasa hivi," Kipkorir alisema.

Jerop aliondoka, akazunguka nyuma ya safu ya vyoo vya kukodi, akatapika. Alifuta mdomo kwa mkono wa ovaroli na kuchuchumaa hapo kwenye nyasi, mgongo ukiwa ukutani mwa plastiki iliyochemka kwa jua. Kipkorir alikuwa na miaka ishirini na minne. Angepita mia themanini na nane bila kutoa mguu, kwa kuwa alikuwa ameshaambiwa kwamba kinachotokea hapo ni woga wa dada yake. Pua ingeenda kushoto, naye angezungusha zaidi kulia. Angetoa mguu akiwa amezungusha nusu mzunguko, si vidole vitatu, na magurudumu yangeshika. Jerop aliiona pikapu ikijikunja hewani. Aliiona waziwazi jinsi alivyouona mtaro, na kila alipoifukuza picha hiyo ilirudi tangu mwanzo.

Hakuwa na ufunguo wa kuficha. Angeweza kutoboa tairi, nao wangebadilisha tairi. Angeweza kumlilia, naye angezidi kuamini anachoamini.

Akajilazimisha kuacha kuwaza yatakayotokea, akawaza yaliyotokea. Usukani ulikuwaje? Haukukaza. Haukutetemeka. Haukugonga. Ulikuwa mwepesi, kama magurudumu hayapo. Hiyo haikuwa mara yake ya kwanza kuuhisi. Alikuwa ameuhisi wapi?

Ilimchukua muda. Halafu akakumbuka kilima cha mwisho kabla ya kituo cha maziwa, mwaka ambao kamba ilikatika. Mitungi yote ilikuwa imeteleza mpaka nyuma kabisa, ikaegemea mlango wa nyuma, naye alipokuwa akipanda kilima usukani ukawa mwepesi hivyohivyo, gari likikaa kama mbwa aliyeketi. Siku hiyo alikuwa akienda kilomita thelathini kwa saa. Alisimama tu, akaisukuma mitungi mbele, akaenda zake.

Akasimama. Akatembea hadi kwenye hema, akainua turubai ya pikapu.

Magunia manne ya mahindi yalikuwa palepale yalipofungwa asubuhi, yakibana mlango wa nyuma, kilo tisini kila moja.

Hakuna aliyekuwa ameyaficha. Kesses, mvua za kwanza zikianguka, kila mwenye pikapu hupakia magunia nyuma kabisa, kwa sababu pikapu tupu ina mkia mwepesi na kwenye matope mkia mwepesi hucheza. Gunia likikaa nyuma zaidi, gurudumu la nyuma linakandamizwa zaidi. Kila mtu alilijua jambo hilo, nalo lilikuwa kweli. Baba yake aliyafunga magunia hayo nyumbani kwa kamba ya katani, kwa mafundo yake mwenyewe, ili binti yake asiteleze, na yeye Jerop ndiye aliyeshika ncha ya pili ya kamba. Mkaguzi aliuliza kama mzigo umefungwa, akauvuta, akaandika kwamba umefungwa. Jambo hilo lilikuwa kweli kwa kilomita arobaini kwa saa. Kwa mia themanini na nane hakuna aliyewahi kulipima, kwa sababu hakuna mtu wa Kesses aliyewahi kwenda mia themanini na nane na magunia ya mahindi.

"Fundi," aliita. "Njoo uone ekseli iko wapi na magunia yako wapi."

Lazarus alikuja akitafuna mkate. Akatazama gurudumu la nyuma, akatazama magunia, ambayo yote manne yalikuwa nyuma ya gurudumu. Akaacha kutafuna.

"Aa," alisema.

"Inainua pua."

"Inainua pua. Halafu ukikanyaga mafuta inainuka tena. Halafu upepo unaingia chini." Alimeza mkate kwa shida. "Mimi hayo magunia niliyaona, Jerop. Asubuhi niliyaona. Nikasema, hawa ndio wanajua matope yao, mimi mtu wa samaki nitasema nini?"

"Na mimi nilishika kamba."

"Lakini hiyo ni maneno," Lazarus alisema. "Maneno hata Kipkorir anayo. Tunataka kilo."

Shamba la ngano lina ghala, na mbele ya ghala kuna mizani ya kupimia malori. Mizani ilikuwa mita mia nne kutoka kwenye mahema. Karani wake, Brigid, alikuwa amekaa kwenye kibanda akitazama mbio kwa mbali, mguu mmoja juu ya ndoo.

"Leo hatupimi," alisema.

"Hatuleti ngano," Jerop alisema. "Tunataka utupimie magurudumu ya mbele peke yake."

"Peke yake? Na ya nyuma ifanye nini?"

"Ingoje nje."

Brigid aliwatazama wote, kisha akawasha mtambo. Kipkorir alikuja nyuma yao amebeba kofia ngumu kwapani, akilalamika kwamba muda unakwisha. Mzee Kipyego alikuja pia, akitembea polepole.

Magurudumu ya mbele yalipanda juu ya chuma. Namba nyekundu zikazunguka, zikasimama.

"Mia tisa na tano," Brigid alisoma.

Lazarus alishika mafundo ya kamba. Hapo ndipo Mzee Kipyego aliposema neno lake la kwanza tangu asubuhi.

"Wacha hizo."

"Mzee, tunataka tu kusogeza."

"Ukitoa hizo, nyuma itacheza. Mimi nimeendesha hii barabara yetu kabla huyu hajazaliwa. Nimevuta watu kutoka kwa mtaro, watu ambao walisema gunia ni ushamba. Unataka binti yangu acheze?"

"Baba," Jerop alisema, "hatutoi hata moja. Tunaleta mbele, mpaka zigonge kabini. Bado ziko juu ya gari. Bado zinakandamiza nyuma. Lakini na mbele pia inapata yake."

Mzee aliiweka kofia yake juu ya boneti. Halafu akayafungua mafundo yeye mwenyewe, kwa sababu hakuna mwingine aliyeyaweza.

Waliyasogeza magunia manne hadi mbele ya sanduku la pikapu, yakaegemea kabini, mzee akayafunga upya. Pikapu ikapanda tena mizanini.

"Elfu moja na mia moja," Brigid alisoma. Akainama karibu na kioo. "Elfu moja na mia moja kamili. Mmeongeza nini?"

"Hakuna," Lazarus alisema. Alitoa simu, akapiga picha ya namba hizo, kama mtu anayetaka ushahidi dhidi yake mwenyewe. "Kilo mia moja tisini na tano. Na hatujashusha hata punje."

Kipkorir aliangalia namba, akaangalia magunia. Hakuwa mjinga. Uso wake ulibadilika kidogo, kisha ukarudi.

"Basi imeisha," alisema. "Imepona. Twende, naitwa saa hii."

Kweli Elphas alikuwa anaita. Sauti yake ilikuja juu ya ngano: namba thelathini na nne, dakika kumi, namba thelathini na nne. Upande wa kusini mawingu yalikuwa yameanza kujengeka kama yanavyojengeka kila alasiri ya Septemba, na mfuko wa kuonyesha upepo ulikuwa umeinuka na kunyooka.

"Sitaki uende," Jerop alisema.

"Jerop! Si umepima wewe mwenyewe?"

"Nimepima gari ikiwa imesimama. Mizani haijui upepo. Huko mbele upepo unainua kilo ngapi? Fundi, ngapi?"

"Sijui," Lazarus alisema. "Hakuna mtu hapa anajua."

"Basi kuna mtu lazima aende kujua. Na huyo ni mimi, kwa sababu mimi nimeshahisi inavyoanza. Wewe hujahisi. Utahisi ukiwa tayari kwa mtaro."

"Lakini wewe unaogopa!" Kipkorir alisema kwa sauti ya juu, na watu wa hema la jirani wakageuka. "Angalia mikono yako!"

Wote wakaitazama mikono yake. Ilikuwa inatetemeka.

"Ndiyo," Jerop alisema. "Naogopa sana. Leta kofia."

Kipkorir alimtazama baba yake, labda akitarajia kuungwa mkono. Mzee Kipyego alikuwa anakaza fundo la mwisho na hakuinua kichwa.

"Mpe dada yako kofia," alisema.

Pale mwanzo wa njia Elphas aliandika jina lake juu ya jina la Kipkorir. Aliinama dirishani akamuuliza kama yuko sawa, naye akasema yuko sawa. Haikuwa kweli. Alikuwa amejiwekea sheria moja: usukani ukinyamaza, mguu utoke taratibu na mikono isifanye chochote. Alijirudia sheria hiyo mara tatu. Hakuwa na uhakika kwamba mikono ingemtii, kwa sababu mara ya kwanza haikumngoja.

Bendera ikashuka.

Magurudumu ya nyuma yalishika bila kuteleza. Gia ya pili, ya tatu. Kibao cha mita mia nne kikapita. Kwa kilomita mia na arobaini usukani ulikuwa mzito, mzito kuliko asubuhi, naye akaushika kama mtu anayeshikwa mkono barabarani na mtu anayemfahamu. Mia na sitini. Upepo wa kusini ukapiga ubavu. Pua ikasogea nusu mita, akairekebisha, ikarekebishika. Mia na themanini. Hapo mwili wake wote ulianza kumwambia atoe mguu. Haukuwa ushauri wa akili. Ulitoka tumboni, na mguu wa kulia ukaanza kuwa mgumu kama wa mtu mwingine. Mia themanini na tano. Mtaro ule ulikuwa unakuja upande wa kushoto, mahali palipoporomoka, na safari hii aliamua kutoutazama, akautazama.

Mia themanini na nane.

Usukani ulikuwa bado unazungumza.

Mia tisini na mbili. Mia tisini na saba. Alikuwa akipumua kwa sauti ndani ya kofia na pumzi hiyo ilimtisha, kana kwamba kuna mtu wa pili ndani ya kabini. Kwenye mia mbili kuna kitu kilipungua. Hakikukatika, kilipungua. Kokoto zilimfikia kwa mbali. Akausogeza usukani kwa unene wa kidole, akangoja, na pua ikajibu, imechelewa kidogo, lakini ikajibu. Mia mbili na tatu. Akausogeza tena. Ikajibu. Mia mbili na tano. Vibao vya kupimia vilikuwa mbele, vyeupe, vinakua. Mia mbili na saba, na vikapita, akatoa mguu taratibu, mikono haikufanya kitu.

Breki zilimsimamisha akiwa na mita mia tatu za kubaki. Hapo alilia, kwa nguvu na kwa muda mfupi, kofia ikiwa kichwani. Alipomaliza akarudi kwenye hema.

Lazarus alikuwa akipiga makofi peke yake. Kipkorir hakupiga. Alisimama mbele ya pikapu, mikono kiunoni.

"Mia mbili na saba," alisema. "Bado mbili tu umfikie Lennox." Kisha, kwa sauti ya chini: "Zamu ya tatu ni ya nani?"

Jerop aliketi kwenye ukingo wa sanduku la vifaa la Lazarus. Alikuwa ameiwazia dakika hiyo tangu alipofunga breki. Angeweza kusema ni yake. Hakuna ambaye angepinga. Lakini sababu ya kumzuia Kipkorir ilikuwa moja, kwamba hakuna aliyejua, na sasa yeye alijua.

"Sikiliza vizuri," alisema. "Mpaka mia tisini na nane utasikia kila kitu. Mia mbili inapungua. Ikipungua, jaribu kidogo tu, hivi, unene wa kidole. Ikijibu, endelea. Ikikosa kujibu hata mara moja, toa mguu pole, na hiyo mikono uiache kama ya maiti. Usizungushe. Nimesema nini?"

"Nisizungushe."

"Nimesema nini kwanza?"

"Mia mbili inapungua. Najaribu na kidole. Isipojibu natoa mguu pole."

"Nenda."

Alidhani kwamba kusimama nje kungekuwa rahisi zaidi. Ndani ya gari woga ulikuwa na kazi: ulikuwa na usukani, mguu, namba za kusoma. Hapa penye kamba ya watazamaji haukuwa na kitu cha kushika. Matone ya kwanza ya mvua yalikuwa yanaanguka mbali, juu ya ngano ya upande wa pili, na Elphas alikuwa ameshatangaza kwamba hii ni zamu ya mwisho kabla ya njia kufungwa. Mzee Kipyego alisimama karibu naye. Hawakushikana mikono.

Pikapu ikaondoka. Alisikia gia ya pili, ya tatu, ya nne. Ilipita mbele yake ikiwa kitu kidogo cheupe chenye kelele kubwa, akayaona magurudumu ya mbele, akayafuata hayo tu. Akangoja yakunjike. Alijua angeyaona yakikunjika sekunde moja kabla ya kila mtu. Yalikuwa yamenyooka. Yalisogea kidogo, yakarudi. Yalisogea tena. Kisha mlio wa injini ukashuka, kabla ya vibao vyeupe, si baada, na pikapu ikapita katikati ya vibao ikiwa inapungua kasi, ikanyooka mpaka mwisho, taa za breki zikawaka.

"Ametoa mguu," Mzee Kipyego alisema.

Kipkorir aliporudi aliizima injini akabaki ndani. Jerop alikwenda dirishani. Mdogo wake alikuwa amevua kofia na uso wake ulikuwa na rangi ya majivu.

"Ni ngapi?" Kipkorir aliuliza.

"Sijui."

"Si ubao wa matokeo uko hapo mbele yako?"

"Nilikuwa naangalia magurudumu."

Kipkorir alitikisa kichwa. Alijaribu kucheka na mdomo ukakataa.

"Nilitoa mguu kwa mia mbili na sita," alisema. "Nilijaribu na kidole, ikajibu. Nikajaribu mara ya pili. Haikujibu." Akainua mikono yake miwili kutoka kwenye usukani na kuitazama. "Hakuna kitu huko, Jerop. Hakuna kitu kabisa."

"Najua," alisema dada yake. Akamfungulia mlango, akampa mkono ashuke.